Mpimaji wa Zamu

Tunduma, 9 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini joto la Kamsamba limekuachia hata nafasi ya kupumua. Huku sote tu wazima. Mama, wifi yako, yuko Ileje na goti lake, analilalamikia goti kuliko alivyowahi kumlalamikia marehemu baba. Kaka Felix amepata mtoto wa kike, kamwita Eva, na sasa simu zetu zimejaa picha za mtoto aliyelala. Foleni ya malori wiki hii haina mwisho. Nikitoka ofisini napita katikati ya matela kama niko shambani kwenye mahindi. Wateja wa Nakonde wakiingia tu ni "muli shani", nami najibu Kibemba hadi wanadhani nimezaliwa ng'ambo ya mpaka.

Barua hii anakuletea Venance na fuso lake. Akirudi na mpunga mpe ya kwako. Najua simu yako inashika mtandao ukipanda kile kichuguu tu, na wewe mwenyewe ulisema kichuguu ni cha namba, maneno ni ya karatasi.

Sasa jambo lenyewe. Programu ya mto imekamilika kasoro kitu kimoja. Utakwenda darajani asubuhi na jioni kama siku zote, utasoma ubao wa kipimo, utapanda kichuguu na kunitumia kina. Kompyuta yangu ya ofisini itapokea, bosi amekubali. Maji yakivuka mita tatu na nusu, kaya zote mia mbili na kumi na mbili za bondeni zitapata ujumbe wa kuhamia juu na mifugo yao. Mwaka juzi maji yalifika kabla ya habari. Unakumbuka kuliko mimi.

Kilichobaki ni hiki. Programu ninazoandika zinaundwa kwa klasi. Klasi ni mchoro tu, kama fundi anavyochora kiti. Ukitaka kukaa, unatengeneza kiti chenyewe kutoka kwenye mchoro, na hicho tunakiita objekti. Kwa kawaida unatengeneza vingi upendavyo. Lakini kina cha mto lazima kitunzwe na mmoja tu. Wakiwa wawili, mmoja atasema maji yamepanda na mwingine atasema yametulia. Kuna njia mbili za kuhakikisha ni mmoja. Ya kwanza inaitwa singletoni: unatengeneza objekti moja, unapiga marufuku ya pili, na kila anayeihitaji anapewa ile ile. Ya pili ni klasi ya statiki: hutengenezi objekti kabisa, kila kitu unakibandika kwenye mchoro wenyewe, na yeyote popote alipo anaita kwa jina. Statiki ina mistari michache, nami naipenda. Zebedayo, tunayekaa naye meza moja, anasema nitajuta. Tumebishana siku tatu.

Ulinifundisha kwamba jambo nisiloweza kumweleza mtu anayechambua mchele, sijalielewa. Basi chambua mchele, shangazi, kisha uniambie.

Mwanao,
Sekela


Kamsamba, 21 Novemba 2024

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Mimi mzima, kuku wanahema midomo wazi, na mvua bado inatuangalia kwa mbali. Mpe Felix hongera, mwambie mtoto akilala aachwe alale. Mwambie na wifi yangu afunge goti kwa kitenge cha moto. Jirani yangu Nyanzobe, mke wa Maduhu, wale Wasukuma wenye ng'ombe, ameniletea maziwa mengi hadi paka amenenepa. Anakaa sana hapa kwangu siku hizi. Ana maswali kuliko darasa la tatu.

Mwalimu hata akistaafu haachi kusahihisha. Ukurasa wako wa kwanza una nukta mbili zisizo mahali pake. Nimezizungushia kwa kalamu nyekundu, nakurudishia ukurasa ujionee.

Mchele nimechambua, na nimekuelewa vizuri kuliko ulivyodhani. Nikuulize: huyo mtunza kina wako anakumbuka kitu, au hakumbuki? Pale shuleni tulikuwa na jedwali la kuzidisha lililochorwa ukutani. Jedwali halikumbuki kitu. Saba mara nane ni hamsini na sita, mwalimu awepo asiwepo, na halijawahi kuhitaji mtu wa kulishika. Hilo ndilo statiki yako. Lakini tulikuwa pia na mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu ni mmoja tu, wawili wangegombania kengele. Yeye anakumbuka nani hakuja, nani amepewa ruhusa, nani ana homa. Na Jumatatu, mstarini, mbele ya watoto wote, anamkabidhi mwenzake daftari la zamu na kile chuma cha kugongea kengele. Mtoto akiumia haulizi "Mwalimu Gwantwa yuko wapi", anauliza "mwalimu wa zamu nani". Huyo ni singletoni wa Zebedayo. Kitu kinachokumbuka kipe mtu, kisichokumbuka kichore ukutani.

Lakini hayo ni ya shule. Mtoni hakuna zamu. Mtoni ni mimi, tangu mwaka 2009, asubuhi na jioni, hata siku niliyomzika mume wangu nilisoma ule ubao kwanza. Sitaki kukabidhi na hakuna wa kumkabidhi. Kwa hiyo kwa mto wetu, nichore ukutani tu, nitakaa.

Shangazi yako,
Gwantwa


Tunduma, 15 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Krismasi sitafika Ileje, ofisi imenishika, wifi yako amenuna. Eva ana tabasamu la upande mmoja kama la baba. Nilipoiona picha ile nilikaa chini.

Nimefanya ulivyosema. Klasi ni ya statiki na nimeipa jina lako. Inaitwa Gwantwa. Kila sehemu ya programu inayotaka kujua hali ya mto inakuita kwa jina. Nimehesabu, unaitwa mara arobaini na moja. Zebedayo alicheka hadi akatoka nje. Kisha akarudi akaniambia kwa upole: "Dada, siku ukitaka kujaribu programu, utamweka nani kwenye kiti cha shangazi?" Nikamwambia shangazi hana kiti, yeye ndiye ukuta. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Maswali mawili madogo. La kwanza, tangu Oktoba namba zako zote zinaishia na sifuri au tano. Moja nukta ishirini, moja nukta ishirini na tano, moja nukta thelathini. Zamani ulinitumia hadi sentimeta moja moja. La pili, zile nukta ulizozungushia. Moja ni kosa kweli, naomba radhi. Nyingine ni tone la chai.

Nakupenda sana,
Sekela


Kamsamba, 6 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba na heri ya mwaka mpya. Mvua imekuja kwa fujo, miche ya mpunga imesimama vizuri, mbu ndio wenye mji. Rosemary mama mchungaji alipika pilau la Krismasi likaungua chini, tukalisifu wote. Maduhu amepata ndama mweupe na wanawe wanamvalisha ushanga. Umesema Eva ana tabasamu la kaka yangu; hilo nimelisoma mara nyingi.

Kwa jina ulilolipa klasi yako, sikujua nitafurahi namna ile. Nilimwambia Nyanzobe, akaniuliza kama nitakuwa nasikia wakiniita. Nikamwambia ndiyo, mara arobaini na moja.

Kuhusu sifuri na tano, mto nao una tabia zake. Nguo zako za joto umezitoa? Huko kwenu baridi ya mvua si ya kuchezea. Mwandiko wangu usiujali, naandikia gotini.

Gwantwa


Tunduma, 30 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani. Samahani.

Juzi Jumanne alasiri niliua imani ya watu wote wa bondeni, na ninataka ujue kutoka kwangu ilivyokuwa. Nilikuwa nabadilisha maneno ya ule ujumbe, nikataka kuona kama unajipanga sawa maji yakivuka kipimo. Kwa singletoni iliyopangwa vizuri ningemweka mpimaji wa bandia kwenye nafasi yako, aseme mita nne, nione, nimwondoe. Lakini klasi ya statiki huwezi kuiondoa ukaweka nyingine. Haina kiti, ndivyo nilivyojisifu. Gwantwa ni Gwantwa, wa majaribio ndiye wa kweli. Nikasema nitaandika nne nukta kumi kwa Gwantwa wa kweli, nitazame, nirudishe moja nukta tisini, dakika moja tu. Kwenye dakika hiyo hiyo programu ilikuja kukagua mto kama inavyofanya kila robo saa, ikakuta mita nne, ikatuma kwa kaya mia mbili na kumi na mbili.

Nilituma ujumbe wa pili kusema si kweli. Venance ameniambia kwa simu uliwafikia wachache. Wengi walikuwa wameshakimbia na simu wameziacha kwenye chaji.

Niambie nini kimetokea huko. Usinifiche. Nimeshindwa kula.

Sekela


Kamsamba, 9 Februari 2025

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Kula kwanza, ndipo usome.

Ujumbe ulifika saa tisa alasiri, jua kali, hakuna hata wingu. Watu hawakuuliza. Walisema Mwalimu ameona. Maduhu alitoa ng'ombe wote mbio, na yule ndama mweupe akaingia mferejini akavunjika mguu. Mama mkwe wa Rosemary alibebwa kwenye blanketi. Wakapanda hadi kwenye mwinuko wa shule, wakakaa wanautazama mto hadi jioni, na mto wenyewe umelala tu, maji ya kuogea bata.

Kisha wakaja uani kwangu. Wengi. Nathanaeli mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mbele. Niliwaambia nimesoma vibaya. Usianze kulia, wino unasambaa. Wewe uko mbali na una miaka ishirini na saba, mimi niko hapa na wananijua. Nilifikiri watabisha kidogo, waseme Mwalimu Gwantwa hajawahi kukosea tangu ameshika lile daftari la mto. Hakuna aliyebisha. Nathanaeli alisema, "Pole Mwalimu, tunaelewa, umri." Wakaondoka kwa adabu.

Walikubali upesi mno. Hilo limeniuma kuliko ndama wa watu.

Sasa ujumbe ukija wanaufuta bila kuusoma, wengine wameniambia usoni. Na juu milimani huko kwenu wanasema mvua haijakatika wiki nzima. Maji hayo yote yanakuja huku. Kama una njia ya kurekebisha, rekebisha.

Gwantwa


Tunduma, 23 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekula, usinisimange. Wifi yako amekuja kukaa nami, goti na yeye. Anakusalimu na kusema wewe tangu usichana unabeba mizigo ya watu bila kuombwa.

Ndani ya bahasha kuna barua ya pili. Si yako, ni ya watu wa bondeni. Mpe Nathanaeli aisome mkutanoni au kanisani, popote wanapojaa. Nimeeleza kwamba kosa lilikuwa langu, hapa Tunduma, kwenye kompyuta, na kwamba wewe siku ile ulisoma moja nukta tisini na ndivyo ilivyokuwa. Ndama nitamtafutia Maduhu. Nakuomba usiifiche.

Programu nimeiandika upya kwa wiki mbili. Nilifuta jina lako mahali arobaini na moja, moja baada ya jingine, na sitakudanganya, nililia. Pale ulipokuwa nimeweka nafasi badala ya mtu. Inaitwa MpimajiWaZamu. Bado ni mmoja tu kwa wakati mmoja, hapo singletoni iko pale pale. Lakini programu haimwiti mtu kwa jina tena. Inakabidhiwa aliye zamu na kufanya naye kazi. Zebedayo alinisimamia kila mstari, kwa sababu hata singletoni, ukiiita kwa jina lake kila kona, umerudi kwenye kosa lile lile. Dawa ni kukabidhiana. Wakati wa majaribio namkabidhi wa bandia, na huyo hana hata njia ya kufikia simu ya mtu. Ile hesabu ya kugeuza sentimeta kuwa mita ndiyo nimeiacha statiki. Ni jedwali lako la ukutani, halikumbuki kitu.

Kila ujumbe sasa utasema chini yake nani alikuwa zamu. Na yule aliye zamu akitaka kumkabidhi mwingine, anatuma neno ZAMU na namba ya simu ya mpokeaji, jina lake programu inalo kwenye orodha ya kaya. Basi. Hakuna mtu mwingine anayeweza kufanya hivyo, hata mimi nimejizuia. Kwa sasa zamu ni yako.

Nilizipitia namba zako zote nikiwa naandika. Tangu Oktoba ni sifuri na tano. Lakini tangu tarehe mbili mwezi huu ni mbili nukta thelathini na saba, mbili nukta arobaini na moja, mbili nukta thelathini na tisa. Kuna mtu anasoma kwa ajili yako, shangazi. Nafurahi yupo. Sina haja ya kujua zaidi ya unavyotaka kuniambia, ila nijibu hili moja: macho yako vipi?

Sekela wako


Tunduma, 12 Machi 2025

Shangazi, jana asubuhi saa kumi na mbili na robo ujumbe ulitoka. Mita tatu nukta hamsini na mbili. Jina lililo chini si lako. Tangu hapo simu yako haipatikani, ya Nyanzobe haipatikani, ya Nathanaeli haipatikani. Venance anasema barabara imekatika, amesimamisha gari njiani. Nimempa karatasi hii hivyo hivyo. Sijui kama mliamini. Wifi yako anasali kwa sauti, mimi nazunguka meza.

S.


Kamsamba, 29 Machi 2025

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Nyanzobe, mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asirekebishe kitu. Karatasi yako fupi imefika siku moja na mkate wa Venance, mkate ukiwa umeota ukungu.

Tuko wazima. Wote. Hilo lianze. Mpunga wa upande wa chini umekwenda, nyumba tisa zimelala, kanisa limeingia tope hadi kwenye mimbari. Lakini watu wote tumewahesabu na wametimia.

Sasa nijibu swali lako, maana umeliuliza kwa upole na mimi nimelikimbia vya kutosha. Macho yangu yana ukungu, Sekela. Yote mawili. Lilianza la kulia mvua za mwaka jana. Nilikuwa naiona mistari mikubwa ya ubao, ile midogo nikawa nakisia. Nilijiambia sentimeta mbili tatu si kitu. Mimi, niliyewachapa watoto kwa kusema "karibu sawa".

(Mimi Nyanzobe naandika: Mwalimu hapa ameomba kitu cha kunywa. Nimempa maji.)

Siku ile ya kukimbia bure nilisema uani kwamba nimesoma vibaya, nikidhani nawaongopea. Walivyokubali upesi ndipo nikajua kwamba kijiji kizima kilishaniona napapasa nguzo za daraja, na walinionea huruma wakanyamaza. Jumapili iliyofuata alfajiri Nyanzobe alinikuta darajani, ndama wake amefungwa mguu nyumbani kwa vijiti, akasema, "Mwalimu, leo nisomee mimi, wewe andika." Hakusema zaidi. Akaja na jioni. Akaja kila siku. Nilituma namba zake kwa simu yangu, na sikukuambia.

Kisha barua yako kwa watu ikafika. Nathanaeli aliisoma kanisani Jumapili tarehe mbili Machi, neno kwa neno. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja akasema kwa nguvu, "Kumbe Mwalimu hakukosea!" Wakapiga makofi, Sekela. Jina langu lilikuwa limeoshwa, ningeweza kukaa kimya na kuendelea hadi nife. Nilitamani sana. Nilikaa na utamu ule dakika nzima. Kisha nikasimama nikasema: siku ile sikukosea, lakini siku nyingine zote tangu Oktoba nimekuwa nikikisia, na anayesoma mwezi mzima sasa ni mke wa Maduhu.

Jumatatu asubuhi nilifanya kama shuleni. Niliwaita watu darajani. Waliokuja walisimama mstari, hata wazee, wengine niliwafundisha mwenyewe. Nikamkabidhi Nyanzobe daftari na penseli. Chuma cha kengele hatuna, nikampa kanga yangu. Halafu tukapanda kichuguu wote wawili nikatuma neno ZAMU na namba yake. Nikatuma mara mbili, isije ikapotea.

Siku nane baadaye maji yakaja. Ujumbe ukafika, watu wakataka kuufuta kama kawaida yao, kisha wakaona jina chini. Unajua walisema nini? Walisema mwenye ndama aliyevunjika mguu hawezi kutukimbiza bure. Wakainuka. Maduhu alitangulia na ng'ombe, mama mkwe wa Rosemary akabebwa kwenye blanketi lile lile, na safari hii walipofika kwenye mwinuko wa shule hawakusubiri kitu. Maji yalikuwa yanawafuata nyuma.

Kama jina chini lingekuwa langu, wangebaki. Nalijua hilo nalo linauma, lakini sasa linauma vizuri.

Umenitoa ukutani, mwanangu. Nilikukasirikia kidogo. Imekwisha.

Shangazi yako Gwantwa

(Na mimi Nyanzobe nakusalimu dada. Ndama anatembea, anachechemea. Usitafute mwingine. Mwalimu anajigonga mlangoni, njoo umchukue umpeleke kwa madaktari, mimi hanisikilizi.)


Tunduma, 13 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yenu niliisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikampa Zebedayo aisome kwa sauti kwa sababu nilikuwa sioni mistari. Ya kwangu yalikuwa machozi tu.

Usibishane nami. Venance amekuwekea kiti cha mbele. Utalala kwangu, wifi yako ametandika kitanda na mnaweza kulinganisha goti na macho. Mei tutapanda Mbeya, nimeshakupatia siku. Daktari anasema ukungu huo unatolewa, jicho moja kwanza, jingine baadaye, na watu wengi wanarudi kusoma Biblia ya maandishi madogo. Nitakuwa nimekushika mkono muda wote. Naogopa kuliko wewe.

Kuna kitu sikukuambia Februari, niliona aibu. Yule mpimaji wa bandia, niliyemtengeneza kwa ajili ya majaribio, alihitaji jina. Nimemwita Gwantwa. Sasa kabla programu haijapeleka neno lolote kwa watu, inapita kwanza mbele ya Gwantwa. Namwambia ajifanye maji yamejaa, ajifanye yamekauka, ajifanye simu imezima. Akipata kosa, ninarekebisha na hakuna anayekimbia. Asipopata, ndipo inatoka. Wiki iliyopita amekamata makosa matatu. Zebedayo anasema hajawahi kuona mkali kama huyo.

Njoo upesi.
Sekela


Kamsamba, Jumatatu, 2 Juni 2025

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Nimefika salama, fuso halikukwama hata mara moja, Venance ameimba njia nzima na nimevumilia. Mpe wifi yangu asante ya supu. Mwambie Zebedayo tai yake ya Jumapili ina doa, nililiona ila nilikuwa mgeni. Eva anafanana na kaka yangu kuliko picha zinavyosema. Nimemwona mwenyewe.

Nilipokuwa kwako niliutafuta ule ukurasa wako wa Novemba, ulikuwa umeuweka kwenye Biblia. Lilikuwa tone la chai kweli. Na kosa lingine sikuliona kabisa, mstari wa nne, hukuweka kituo. Kamwambie huyo Gwantwa wako naye hajamaliza kazi.

Nyanzobe hakuniruhusu kupumzika. Leo asubuhi alinisubiri darajani na watu wachache wamesimama mstari, Nathanaeli naye yumo, anapiga miayo. Akaniambia, "Mwalimu, wiki moja wewe, wiki moja mimi." Akanirudishia daftari, penseli na kanga, kanga ameifua. Tukapanda kichuguu, akatuma neno ZAMU na namba yangu. Sidhani kama umelazimika kugusa kitu huko, au umegusa? Nyanzobe anasema programu haikuuliza hata swali moja, imenipokea tu kama ilivyompokea yeye.

Zamu ni yangu hadi Jumatatu. Jicho la kushoto bado, la kulia linatosha. Jua lilikuwa limetoka, mto uko chini, maji masafi, mistari ya ubao yote ipo hadi ile midogo.

Kina cha leo ni sifuri nukta themanini na tatu. Hiyo tatu sikukisia, Sekela. Nimeiona.

Shangazi yako,
Gwantwa